Igiza Mlio Kwanza

Nilifika Segese nikiwa nimesikia neno moja tu kwa siku tatu mfululizo, nalo ni "ngo". Lilisemwa na gari. Tulitoka nalo Makambako, tukapita Mbeya, tukapanda milima ya Chunya, tukaingia pori la Rungwa, tukatokea Sikonge, Tabora, Nzega na Kahama. Kila tulipokanyaga shimo au kugusa breki, kitu chini ya miguu yangu kilisema ngo. Kufika Tabora nilikuwa nimeanza kukijibu.

Lilikuwa mkonga, yale magari ya porini yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Dereva aliitwa Sanga, naye alikuwa akimpelekea gari mnunuzi wake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, cheti cha kidato cha nne, uzoefu wa gereji mbili nilizozikimbia na miguu isiyojua kutulia. Sanga alinichukua bure ili nimsemeshe asisinzie, lakini gari lile lilikuwa limeshaninyang'anya kazi. Hakuna mtu angeweza kusinzia mle.

Katikati ya pori la Rungwa tulisimama, tukalipiga jeki, tukatazama. Bushi moja ya mbele, ile pete ya mpira inayotenganisha vyuma, ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinapiga chuma. Sanga alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi. Alitazama bushi, akatazama mguu wake, akavua kimoja, akakikata kwa panga na kukishindilia mle ndani. Tulienda kilomita kumi kwa utulivu wa ajabu. Kisha ngo ikarudi, safari hii ikiwa na mafua.

Segese tuliingia saa nne asubuhi. Kando ya barabara kulikuwa na gereji ya mabati yenye kibao kimeandikwa kwa rangi ya mkono: FUNDI WA MILIO. Chini ya kibao alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ingawa jua lilikuwa kali. Huyo ndiye Mzee Nkwabi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikaanza kumweleza juu ya bushi. Akaninyanyulia kiganja.

"Sijakuuliza ugonjwa. Igiza mlio."

"Niigize?"

"Wewe umesafiri nao, mimi sijasafiri nao. Igiza."

Nikatazama kushoto na kulia. Akina mama wa nyanya walikuwa wameacha kupanga nyanya. Nikasema, "Ngo."

"Ngo ya tuta au ngo ya breki?"

"Zote, lakini ya breki ni kubwa."

"Moja au zinafuatana?"

"Moja. Kisha nyingine ndogo tukiondoka."

Mzee hakuinuka kwenye kiti. "Bushi ya mkono wa mbele, na ndani yake kuna kiatu."

Nilitamani kupiga magoti. Sanga alishika mdomo. "Mzee, umesikiaje kiatu?"

"Kiatu sijakisikia. Wewe umeshuka kwenye gari na katambuga moja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sanga aliondoka siku iliyofuata na viatu vipya. Mimi nilibaki miaka kumi na minane.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye gereji ile. Mlinicheka niliposema nastaafu nikiwa na miaka arobaini na sita. Mlisema mtu hastaafu akiwa bado na meno yote. Sawa, lakini mgongo uliolala chini ya magari miaka yote hiyo una umri wake peke yake. Habari za vyeo msiniulize. Gereji yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, cha kukaa kwenye kiti chenye egemeo, na kilikuwa cha Mzee. Nataka niwaachie mnayoyahitaji: namna ya kutafuta ngo, na habari ya gari moja lililokaribia kukishusha kibao chetu.

Mwezi wa kwanza sikushika spana. Mzee alinikalisha juu ya rimu kuukuu kando ya barabara nikiyasikiliza magari yakipita tuta, na kila moja nimwigizie. Magari yanayokwenda migodini, yanayotoka minadani, yanayobeba pamba, yote niliyaimba. Watoto wa shule wakipita walinisaidia. Ndipo nilipojua kwamba "linagonga mbele", neno ambalo kila mteja huja nalo, halina maana yoyote, ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari kwamba anaumwa mwilini.

Tak-tak kavu, gari limesimama na mtu anazungusha usukani kushoto na kulia, anzeni na tairodi, fimbo zinazogeuza matairi. Lala chini, weka vidole kwenye kila kiungo, mwenzako azungushe. Kiungo kibovu kitakuchezea mkononi kabla hujakiona. Kogoro-kogoro kwenye vijishimo vidogo, tazama nati za shokapu na vishikio vyake kabla hujamlaumu shokapu mwenyewe. Ngo moja nzito ya breki ni bushi za ile mikono miwili inayoishika ekseli, mhimili wa matairi, kwenye chesisi, yale maboriti marefu matupu ndani yanayobeba gari. Ingiza mtaimbo, sukuma, na kama mkono unasogea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, umempata. Inua tairi kwa jeki, lishike juu na chini, litingishe. Likicheza, uliza beringi na kingipini, ile pini ambayo tairi hugeukia. Likicheza kushoto na kulia tu, rudi kwenye tairodi. Hakuna uganga hapo. Kuna uvivu tu wa kutofanya.

Kosa langu la kwanza liliwahi kumtia Mzee ugonjwa wa kucheka. Nilibadilisha bushi za gari la mfanyabiashara wa ng'ombe, nikazikaza vizuri kabisa, gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki. Lilipotua chini, mpira ukajikunja, na baada ya wiki tatu zikachanika zote. Yule bwana alirudi, akasimama mbele ya wateja, akaigiza mlio kwa shingo, mabega na kiuno. Mzee alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba mara ya tatu, akisema hajaelewa sehemu ya kiuno. Kazeni bushi gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote minne. Mimi nimeshachezewa ngoma yake, ninyi msiisubiri.

Kuigiza huko ndiko kulikoifanya gereji yetu ijulikane. Watu wazito walikuja na heshima zao, na Mzee hakumsamehe mtu. Paroko mmoja kutoka upande wa Ushirombo alisogea karibu, akanong'ona, "Tak, tak."

"Baba Paroko," Mzee akamwambia, "gari lako linagonga au linaungama?"

Paroko akavuta pumzi, akapiga TAK moja iliyowakimbiza kuku. Alicheka zaidi yetu sote, na tangu siku hiyo hakwenda gereji nyingine.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokuwa ikinipita bila kuniuliza. Sikuwahi kukaa mahali zaidi ya miaka miwili, lakini kila nilipofunga begi, mteja aliingia na mlio nisioujua, nikalifungua tena. Nilijiambia: siku nitakapoijua milio yote, naondoka. Kisha akaja Mama Kabula.

Alitoka Kharumwa na mkonga wake wa pikapu wenye mabenchi na turubai, anaendesha mwenyewe, kilemba kimefungwa kama mtu anayekwenda vitani. Gari lile lilikuwa limewasomesha watoto wake watatu tangu mumewe afariki. Siku za mnada lilibeba wachuuzi, na siku nyingine lilibeba wagonjwa na wajawazito walioandikiwa kwenda hospitali ya Kolandoto. Alishuka siku hiyo ya Jumatano, akafunga mlango kwa nguvu, na kabla Mzee hajafungua kinywa akasema:

"Najua unachotaka. NGO! Nikishika breki, ngo! Nikiondoka, ngo ndogo! Mafundi watatu, Mzee. Shokapu mpya, bushi mpya, kila kilicho cha mpira kipya. Na bado ngo! Wajawazito wanakataa kupanda. Wanasema gari langu linabisha hodi, watoto wasije wakaitika."

Nilijificha nyuma ya boneti nikicheka. Mama Kabula akaniona.

"Cheka, mwanangu, cheka. Jumapili baada ya misa anakuja mtu wa kulinunua. Nimebakiwa na abiria wanne. Wasipopanda hao, nauza, narudi kulima mpunga wa shemeji yangu, na wewe utakuja kucheka shambani."

Nikaacha kucheka. Mzee Nkwabi alizunguka gari mara moja, akaligusa bampa kama anayempapasa ng'ombe. Kisha akasema neno ambalo nusu ya Segese ililisikia, maana akina mama wa nyanya wako palepale.

"Mama Kabula, usiuze. Mlio huu ukinishinda mpaka Jumapili, nakishusha kile kibao kwa mikono yangu."

"Mashahidi tupo!" wakapiga kelele akina mama wa nyanya.

Alhamisi tulifungua sehemu yote ya mbele ya gari. Nilipima kila kitu nilichowaelezeni hapo juu na vingine ambavyo sijavieleza. Mtaimbo haukusogeza kitu. Tairi hazikucheza. Nilikagua vikombe vya springi, vishikio vya injini, ile fimbo ndefu inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, hata bawaba za boneti. Mafundi watatu waliotangulia walikuwa wamefanya kazi safi, na hilo lilizidi kuniudhi. Nikaendesha hadi kwenye tuta, nikashika breki. Ngo. Ilitoka mbele kabisa, chini ya miguu yangu, ningeweza kuapa kanisani.

Ijumaa ndipo nilipopata jambo ambalo sikulitafuta. Nilikuwa nimelala chini, kidole kimeingia kati ya mkono wa ekseli na kishikio chake, na Mzee juu yangu ameshika mtaimbo.

"Mzee, achia!"

Hakuachia.

"Mzee! Achia!"

Alikuwa akitazama barabarani, ametulia kama anasubiri chai. Nikapiga kelele ambayo paroko angenionea wivu. Nikampiga teke kwenye kifundo cha mguu, ndipo akashtuka akaachia. Nilitoka nje na kidole kimevimba kama kitumbua. Yeye akaketi chini kwenye vumbi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hukunisikia," nikamwambia.

Alinitazama mdomo. Nikagundua kwamba miaka yote alikuwa akinitazama mdomo, si macho.

"Sikio la kulia lilibaki ndani ya duara," akasema. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Ujanani alichimba huko Nyang'hwale. "Baruti ililipuka sijatoka. La kushoto lilinifuata, lakini linafuata kwa mbali, na kila mwaka linazidi kubaki nyuma."

"Sasa milio? Miaka yote hii?"

"Si mnaniigizia? Mdomo wa mtu anayesema tak si mdomo wa mtu anayesema ngo. Ninaona. Na wewe je, kila gari likipita hukuniimbia?"

Nikakaa kando yake. Nilikuwa nikidhani ananifundisha kusikia, kumbe alikuwa ameniajiri nisikie. Na kitu cha ajabu ni kwamba sikukasirika. Kilinijia kicheko kutoka tumboni, nikajaribu kukizuia, nikashindwa. Mzee akanitazama kidogo, naye akaanza. Tulicheka pale chini, kidole changu kinapwita, mpaka Mama Kabula akatoka kwa mama wa chai kuja kuuliza kama tumepata.

"Bado," Mzee akamjibu. Alipokwenda akaniambia, "Nina njia nyingine. Lakini naifanya nyuma ya turubai tu, gari likiwa limesimama."

Akachomoa kutoka chini ya kiti chake kipande cha nondo, urefu wa mkono, ncha moja imefungwa kitambaa. Akaweka ncha tupu kwenye chesisi, ile ya kitambaa akaing'ata kwa magego, akaniashiria nigonge ekseli kwa nyundo. Macho yake yakang'aa. "Naisikia humu," akasema akigusa taya. "Masikio hudanganywa na upepo, mabati, watu. Mfupa haudanganywi."

"Basi tulipeleke gari barabarani, ung'ate likitembea."

"Watu wakimwona fundi wa milio amelala anang'ata chuma, watajua. Nani ataniletea gari tena, nyanda? Kiziwi atafute mlio?" Nyanda ni kijana kwa Kisukuma. Aliendelea kuniita hivyo hata mvi zilipoanza kunitoka.

Nilipendekeza tuende kichakani peke yetu, lakini Mama Kabula alikuwa ameshatuambia kwamba bila mzigo gari hubisha kidogo tu, na Jumamosi alikuwa na mnada. "Abiria wangu wanne siwaachi," alisema. "Mkitaka mlio, pandeni nao." Na wachuuzi wa mnada ni redio, tena redio isiyozimwa. Kibao kingeshuka Jumapili, au kingeshuka Jumamosi kwa njia nyingine.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee alikuja amevaa shati la kanisani. Abiria walikuwa wamekaa: muuza vyungu, bwana mmoja na mbuzi wake, na akina mama wawili wanaopika chakula mnadani, na masufuria yao. Akawaamkia, akaomba wapishe miguu, akalala kifudifudi katikati ya pikapu. Sakafu ilikuwa na tundu la kutu, upana wa sahani ndogo, nalo lilikuwa juu ya chesisi kabisa. Akapitisha nondo humo, akang'ata.

"Huyu mzee anakula gari?" akauliza bwana wa mbuzi.

"Nyamaza," nikamwambia, "yuko kazini."

Mama Kabula akaondoa gari taratibu. Mbuzi akamnusa Mzee sikioni, kisha akaanza kutafuna ukingo wa shati la kanisani. Mzee hakusogea. Likaja tuta la kwanza, breki, NGO! Abiria wote wakaruka. Mzee alinyanyua kidole kimoja: tena. Tukaondoka, ngo ndogo. Breki, NGO! Tena. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikiona jasho linavyomtiririka shingoni, na nilikuwa nikiomba, mimi ambaye siombi mara kwa mara, kwamba meno yale yanipite mimi na mafundi wote watatu. Mara ya tano akaanza kupiga sakafu kwa mkono.

"Hihahihe! Hihahihe!"

"Anasema simamisha!" nikapiga kelele.

Akatoa nondo mdomoni. Kipande kidogo cha gego kilitoka nayo, akakitema bila kukitazama.

"Inatembea," akasema.

"Nini inatembea?" akauliza Mama Kabula kutoka dirishani.

"Ngo. Haikai mahali pamoja. Ukishika breki inapita hapa, chini ya tumbo langu, inakwenda mbele, halafu ndiyo inagonga. Ukiondoka inarudi. Bushi haitembei. Shokapu haitembei. Kuna kitu kinabingirika ndani ya chesisi!"

Kisha muuza vyungu akasema, "Basi tukitoe!" na kila mtu akaruka chini kama kuna arusi.

Tulilipandisha gari matairi ya mbele kwenye kichuguu, ili pua iwe juu. Tukasikia kitu kikibingirika ndani, kizito, hakina haraka, kikaishia karibu na pale chini ya tundu la kutu. Kwenye chesisi pia, pale juu, kulikuwa na dirisha ambalo mchomeleaji fulani alilikata zamani akafunga kitu, akakifungua, akaenda zake. Nikaingiza mkono. Vidole viligusa chuma laini, duara, kikateleza. Nikajaribu waya, kikateleza. Sumaku isingesaidia, ingeng'ang'ania chesisi yenyewe. Mmoja wa akina mama wapishi akanisukuma kwa kiuno.

"Toka hapo, fundi. Hujawahi kutoa mfupa kwenye sufuria la watu wengi?"

Akaingiza upawa wake wa mchuzi, akafumba macho, akageuza kifundo cha mkono mara mbili, akainua. Juu ya upawa, inang'aa kwa kusuguliwa, ilikaa gololi ya chuma kubwa kama chungwa.

Kila mtu wa ukanda ule anaijua. Ni gololi ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu; zinakaa ndani ya pipa linalozunguka, zinayaponda mawe. Mama Kabula aliitazama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Zile nilizombebea mwenye karasha! Ikapungua moja, nikamtukana yule mpakiaji mbele ya watu, nikamwita mwizi! Kumbe ilidondokea kwenye tundu hili, mwizi ni gari langu!"

Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akauchukua upawa pamoja na gololi yake, akacheza nao barabarani huku akina mama wakipiga vigelegele. Bwana wa mbuzi alinijia pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ingawa haikuwa ya chini sana:

"Mzee ni kiziwi?"

Kabla sijajibu, Mzee mwenyewe, aliyekuwa akimtazama mdomo, akamjibu:

"Ndiyo. Wewe ulikuwa unasikia, ulijua ngo inatembea?"

Bwana yule akafikiri. Kisha akavua kofia. "Wabeja sana, Mzee," akashukuru kwa Kisukuma. "Mimi nyumbani nina trekta."

Jumapili baada ya misa mnunuzi alifika Segese, ametakata. Mama Kabula alimwendesha kwenye matuta yote ya mji, mbele na nyuma, kimya kama anapita msibani, kisha akamteremsha palepale alipompandisha. "Umelisikia?" akamwuliza. "Na mimi silisikii. Kwa hiyo haliuzwi." Jumatatu alimchinjia yule mpakiaji jogoo na kumwomba radhi mbele ya watu walewale. Kabula wake, yule wa kwanza, sasa ni mkunga. Wajawazito hupanda gari lile bila wasiwasi, ingawa jina la Hodi halikulitoka.

Na kibao? Wiki ile wateja hawakupungua. Walikuja na magari mazima, yasiyo na mlio wowote, wakisema, "Mzee, ling'ate na langu." Ikabidi kibao kishushwe kweli, lakini ili kiongezwe maneno. Mnakiona kila siku, lakini hamkuwapo kilipoandikwa: FUNDI WA MILIO, KWA SIKIO NA KWA MENO. Sikio lilikuwa langu. Gololi Mama Kabula aliinunua kwa mwenye karasha akampa Mzee, nayo ikakaa mezani kwake juu ya sahani ya bati miaka yote hiyo, ikizuia karatasi zisipeperuke.

Baada ya hapo niliendelea kukaa. Nilijiambia nangoja mlio mwingine kama ule. Haukuja, na hatimaye mgongo ukaniambia mambo kwa lugha ambayo haikuhitaji kuigizwa. Nilikuwa nimefufua mkonga mmoja wa zamani kipande kwa kipande, na nikatangaza kwamba nauchukua, naondoka, nirudi kwa njia ileile niliyokuja nayo, kisha nione barabara inasemaje. Mzee hakunibembeleza. Aliomba kitu kimoja tu: anifungie ndoano ya kuvutia gari nyuma, kama zawadi, kwa mikono yake. Akanituma Kahama nikatafute rangi ya kuipaka. Niliporudi alikuwa amemaliza, anafuta mikono, ananiuliza habari za Kahama kana kwamba Kahama huwa ina habari.

Siku niliyoondoka mlikuwapo nyote. Mama Kabula alileta kuku wawili wa kuchoma na kuninong'oneza nisiendeshe kama mwanamume. Mzee alinishika mkono kwa muda mrefu. "Genda mhola, nyanda," akasema, yaani nenda salama. Nilipoingia ofisini kuchukua begi niliiona ile sahani ya bati mezani, haina kitu, karatasi zimetawanyika sakafuni. Niliziokota nikaziweka sawa. Sikufikiri kitu. Nilikuwa nikijikaza nisilie.

Sikufika mbali. Tuta la kwanza la barabara ya Kahama nilishika breki, na chini ya miguu yangu kitu kikasema NGO.

Nilisimama. Machozi yalikauka hapohapo. Nikalipiga jeki, nikatingisha tairi juu na chini, kushoto na kulia. Nikalala, mgongo ukalia, nikapapasa tairodi zote. Nikachukua mtaimbo. Hakuna. Nikapanda tena, nikaondoka, ngo ndogo. Breki, NGO. Wachungaji wawili walikuwa wamesimamisha ng'ombe wao kunitazama. Nilikuwa nusu saa nzima chini ya gari langu mwenyewe, mimi fundi wa miaka kumi na minane, ndipo macho yangu yalipoiangukia ile ndoano mpya, na karibu yake kwenye chesisi, limekatwa vizuri, limesafishwa kingo, dirisha la upana wa chungwa.

Nikapiga simu. Iliita sana. Akapokea.

"Mzee!"

"Subiri, nyanda, subiri niiweke kwenye taya." Nikasikia simu ikikwaruza ndevu. Nyuma yake niliwasikia ninyi, mmebanwa na vicheko, mnanyamazishana. "Haya. Una shida gani?"

"Mzee, unajua nina shida gani!"

"Sijui kitu. Igiza mlio kwanza."

Nikawatazama wachungaji. Nikaitazama barabara mbele na nyuma. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, mpaka ng'ombe wote wakageuza vichwa:

"NGO!"

"Ya tuta," akauliza Mzee Nkwabi, "au ya breki?"